Ambreyaji inateleza baada ya kubadilisha sheni: tupime kabla ya kugombana

Katika kambi za wahami hapa Ituri pikipiki moja inaweza kulisha nyumba tatu: ya mwenye mali, ya motari na ya fundi. Ikiharibika, nyumba tatu zinagombana.

Niliwahi kukaa katika baraza moja karibu na Bunia. Motari alinunua sheni na pinyo mbili mpya, fundi jirani yake akazifunga hapo nyumbani. Kesho yake, kwenye mlima, injini ilipiga kelele lakini pikipiki haikupanda. Motari akasema fundi amemwibia disiki za ambreyaji na kumwekea zilizochakaa. Kabla ya saa sita, maneno yalikuwa yamefika kwenye kabila.

Viongozi wanaosikiliza kesi ya namna hii wajue jambo moja. Disiki za ambreyaji zimo ndani ya injini. Ili kuzitoa, fundi lazima afungue kifuniko kikubwa, ambacho kwa pikipiki ndogo nyingi kiko upande wa kuume. Mafuta yanamwagika, na mara nyingi inabidi kuweka juenti mpya. Sheni na pinyo ziko nje. Basi tazameni kifuniko hicho: kama vumbi na matope ya zamani bado yameshika kwenye bulo zake, hakuna aliyegusa disiki.

Mara nyingi kosa liko kwenye waya. Kwa pikipiki fulani, kifuniko cha pinyo ndogo ndicho kinachobeba mkono mdogo unaovutwa na waya wa ambreyaji. Ukikiondoa na kukirudisha, lazima waya upangwe upya. Vuta polepole mkono wa ambreyaji kwenye usukani: ncha yake itembee bure kama milimita 10 hadi 20 kabla ya kuwa ngumu. Isipotembea bure kabisa, waya unaziachanisha disiki wakati wote, nazo zinateleza na kuungua. Ikitembea mno, vitesi vinaingia kwa shida na pikipiki inasogea hata ukiwa umevuta. Pima tena usukani ukiwa umegeuzwa kushoto, kisha kuume.

Kuna jambo linalodanganya hata mafundi wazuri. Pinyo ya nyuma yenye meno mengi kuliko ya zamani, tuseme 45 badala ya 42, inafanya injini ilie zaidi kwa mwendo uleule. Huko si kuteleza. Ambreyaji inayoteleza utaijua hivi: sauti inapanda, mwendo unabaki palepale.

Sheni nayo isikazwe kama kamba ya ngoma. Kwa pikipiki ndogo nyingi, katikati icheze milimita 20 hadi 30.

Waya ukiwa sawa na bado inateleza, uliza mafuta. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya kulainisha inayotelezesha disiki. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Hapo tu ndipo mfikirie kufungua injini. Na disiki mpya zilowekwe kwanza katika mafuta ya injini.

Siku ile ya baraza, fundi alilegeza waya kwa ufunguo mmoja mbele ya wote. Motari akapanda mlima, akarudi, akazima injini bila kusema neno. Fundi akaomba alipwe sehemu ya malipo yake iliyobaki.