Historia ya Vita Isingoje Siku ya Mashujaa

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Taifa letu huwakumbuka mashujaa waliokufa wakiitetea nchi. Silaha za jadi huwekwa penye mnara, baragumu hulia na viongozi wa dini huomba dua. Kule Songea nako, kila mwezi wa Februari, wananchi huwakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Hayo ni mambo ya heshima na hayana budi kuendelezwa. Hata hivyo, heshima ya siku moja haitoshi kuwa elimu. Maoni yetu ni kwamba mikoa ya Iringa na Mbeya inahitaji baraza la historia ya vita, likutane kila mwezi na lizungumze na wananchi.

Iringa inastahili kuanza. Jina lake lenyewe latokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi ya Mtwa Mkwawa yalikivamia kikosi cha Emil von Zelewski, yakamwua yeye pamoja na Wajerumani wengine na askari wao zaidi ya 200. Wajerumani walirudi, na mwezi Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua huko Mlambalasi ili asikamatwe. Fuvu la kichwa chake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa mwaka 1954.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba habari hizi ni za bara tu. Zelewski huyo huyo, ambaye watu walimwita Nyundo, ndiye aliyekuwa wakala wa kampuni ya Wajerumani pale Pangani mwaka 1888. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe katika mji uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, akamdharau liwali wake, na ghadhabu ya watu wa mwambao ikawaka chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim. Mtu aliyeutia moto mwambao ndiye aliyekufa Lugalo miaka mitatu baadaye. Mzee wa Pangani na mzee wa Kalenga wakikaa mkeka mmoja, kila mmoja atamkuta mwenzake ana nusu ya hadithi aliyokuwa akiikosa.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito. Sehemu kubwa ya maandishi ya vita hivyo yaliachwa na maofisa wa Kijerumani. Hata mnara wa Lugalo waliujenga wao kwa kuwakumbuka wenzao. Waliokufa upande wa Mkwawa majina yao yalibaki vinywani mwa wazee, na wazee wanakwenda. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tena, historia ya kweli haina sifa peke yake. Merere, mtawala wa Usangu, aliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, kwa kuwa Wahehe walikuwa wameitoa jamaa yake katika nchi yake. Mwaka 1905 Wabena wengi wa Njombe waliingia katika Vita vya Maji Maji, lakini Wahehe hawakuingia. Kwa nini ilikuwa hivyo? Maswali ya namna hii hayajibiwi katika hotuba ya sherehe. Yanajibiwa barazani, mtu anapouliza, mwingine akapinga, wa tatu akaleta ushahidi wa babu yake. Hatuoni sababu ya kuyaogopa. Wasangu na Wahehe wa leo ni raia wa nchi moja, na ugomvi uliozungumzwa hadharani hausumbui kama ule unaonong'onwa.

Mbeya nayo ina yake ya kueleza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland, yakaitwaa Tukuyu, kisha Iringa. Nyuma ya kila bunduki walikuwapo wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu katika vita vya wageni wawili. Wanawake walisaga unga uliochukuliwa na askari, na wakaficha watoto msituni. Mambo haya nayo ni historia ya vita.

Mfano wa kuiga upo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika ushuhuda wa wazee juu ya Maji Maji, na kazi yao yatumika hadi leo. Huko Johannesburg, chama cha historia ya kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1966 kilijiwekea desturi ya mhadhara kila mwezi, na kikatoa jarida lake. Gharama yake si kubwa: msemaji mmoja, saa moja, maswali, na katibu mwenye daftari na kinasa sauti. Iringa inalo Boma la kale, makumbusho tangu mwaka 2016. Mbeya haikosi ukumbi wa halmashauri au wa shule. Mzee asemaye Kisafwa au Kihehe atafutiwe mkalimani, na nakala ya maneno yake ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka, Bara na Zanzibar.

Wapo maofisa watakaohofia siri za jeshi. Hofu hiyo isizuie kazi. Hakuna anayeuliza habari za silaha za leo. Lakini kijana aliyekwenda Kagera mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 20 sasa amevuka miaka 65. Walikwenda wanajeshi, mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, Bara na Visiwani. Njaa waliyoivumilia, mwenzao waliyemzika njiani, barua iliyochelewa kufika nyumbani: hayo si siri, ni amana.

Kwa hiyo tunawaomba Maafisa Utamaduni wa mikoa hii miwili wasingoje fungu maalumu wala mgeni rasmi. Wachague Jumamosi moja katika mwezi, wamwalike mzee mmoja, wafungue mlango wa ukumbi. Kila mwezi unaopita bila kikao kuna mzee anayezikwa na yale aliyoyaona.