Ziwa si bahari: Panga hivi likizo ya familia Kanda ya Ziwa

Shule zikifungwa katikati ya mwaka, familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Morogoro hufunga mizigo kuelekea Kanda ya Ziwa. Wapo wanaokwenda kuwasalimia bibi na babu Sengerema au Magu, na wapo wanaokwenda kutembea tu. Msimu wenyewe unafaa, kwani ni kiangazi, mvua zimekatika na barabara ni kavu. Mwanza kuna Jiwe la Bismarck la kupigia picha, Kisiwa cha Saanane ambacho ni hifadhi ya taifa iliyo mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora. Mwenye siku nyingi huvuka hadi Ukerewe, au hufika Rubondo kuona sokwe mtu.

Mzazi, kama uko kwenye mipango hiyo, nakuomba uongeze jambo moja kwenye orodha yako. Watoto waliozoea Kigamboni au Pangani wakiona mchanga, mawimbi na maji yasiyo na mwisho, watavua viatu na kukimbilia majini. Waambie mapema, kabla ya kupanda basi, kwamba ziwa si bahari.

Konokono na kichocho

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Lakini maji yake hayana chumvi, na hapo ndipo penye tofauti. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hawaishi baharini. Wanaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, hasa kando kando penye majani na maji yaliyotulia, mahali ambapo watoto hupenda kucheza.

Mtu mwenye kichocho akijisaidia ndani au karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea huingia kwa konokono. Wiki kadhaa baadaye hutoka kwa maelfu, vidogo visivyoonekana kwa macho, vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote ndani ya dakika chache, kisha husafiri hadi kwenye mishipa ya damu ya utumbo au kibofu.

Asiyetibiwa kwa miaka mingi anaweza kupata makovu kwenye ini, bandama kuvimba, na siku moja akatapika damu. Mtalii wa wiki moja hafikii huko kwa urahisi, lakini anaweza kuugua vibaya, na mtoto anaweza kuishi na minyoo hiyo kwa miaka bila mtu kuhisi.

Kwa hiyo ufukweni kaeni juu ya mchanga mkavu, na anayetaka kuogelea aogelee kwenye bwawa la hoteli lenye maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Vimelea hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ila usihesabu saa nyingine kuwa salama. Kukanyaga maji ili kupanda mtumbwi nako ni kuingia ziwani. Tafuta gati, au mtoto abebwe. Akilowa kwa bahati mbaya, mfute mara moja kwa taulo kavu huku ukisugua. Inaweza kusaidia, ingawa si kinga ya kutegemea.

Mnapofikia kwenye nyumba inayochota maji ziwani, maji ya kuoga yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kamili, au yachemshwe kisha yapoe. Ya kunywa yachemshwe siku zote. Wagonjwa huniuliza pia kuhusu samaki. Sato, sangara na dagaa hawaambukizi kichocho. Kuleni, mradi wameiva vizuri.

Kwenye boti na kivuko

Maji ya chumvi humbeba mwogeleaji zaidi kuliko maji ya ziwa. Kijana anayejivunia kuogelea baharini asidhani ziwani atakuwa vilevile, na upepo wa ziwa huweza kubadilika ghafla.

Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Mzazi, unayo haki ya kukataa kupanda chombo kilichojaa, hata kama tiketi umeshalipia. Kabla ya kung'oa nanga, kila mtu avae jaketi la kujiokolea na alifunge kifuani. La mtoto liwe la saizi yake. La mtu mzima humtoka kichwani.

Mbu na homa

Mikoa ya Kagera, Geita na Mara ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Mtoto aliyekulia mahali penye malaria kidogo hana kinga ya kutosha mwilini, na anaweza kuzidiwa haraka. Beba chandarua chenye dawa hata kama umeahidiwa kitanda kizuri, na jioni ikianza kuingia mvalishe nguo za mikono mirefu. Mjamzito na mwenye mtoto wa selimundu waongee na kliniki yao kuhusu dawa za kinga kabla ya kusafiri.

Wanaotumia dawa kila siku

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Dawa za presha, kisukari, kifafa au za kufubaza virusi vya Ukimwi zisikae kwenye begi lililo chini ya basi. Zikae mkononi, pamoja na za wiki moja zaidi ya siku ulizopanga. Insulini isiachwe kwenye gari lililopigwa na jua, na isigusane na barafu.

Kila mnaposimama, shuka utembee kidogo ili damu isigande miguuni. Mtoto mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara njiani, na awe na sweta. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni na Julai una ubaridi. Ubaridi na upungufu wa maji mwilini humletea maumivu makali. Kadi ya bima na daftari la kliniki navyo visisahaulike. Ikitokea dharura mkiwa mjini Mwanza, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando.

Mkisharudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hupitiwa, maana masanduku yameshafunguliwa na shule zimefunguliwa. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza. Homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambie daktari kwamba mlikuwa ziwani.

Sentensi hiyo ina uzito mkubwa. Kati ya wiki ya pili na ya nane, aliyeingia majini anaweza kupata homa, kikohozi, vipele vinavyowasha na kuharisha. Kipimo cha malaria kikisema hapana, mgonjwa huweza kuzungushwa kwenye dawa za taifodi na za mkojo, kwa sababu hakuna aliyeuliza kuhusu ziwa.

Hata asiyeumwa, kama aliingia majini, apimwe choo na mkojo wiki sita hadi nane baada ya kurudi. Mkirudi tarehe 5 Julai, zungushia duara tarehe za mwishoni mwa Agosti kwenye kalenda ya ukutani. Usikimbilie kumeza prazikwanteli siku ya kwanza, kwani dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na wiki za mwanzo bado haijakomaa. Ikimezwa kwa wakati wake, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa, hutibu vizuri.

Nendeni mkaione Kanda ya Ziwa. Safari njema.