Hopsi Imefika Giheta, Masenge Ameshika Rozari

Sikiza sha. Kama bado unadhani hopsi ni stepu ya dansi, vuta kiti nikupee form kabla hujaaibika mbele ya wasee.

Hopsi ni maua. Yanamea kwa mmea wa kupanda kamba, kama koni ndogo za kijani. Na kuna siri ya familia hapa: ni binamu ya bangi. Ukoo mmoja kabisa. Ndiyo maana siku binamu yangu wa Ubelgiji alituma pakiti, masenge, shangazi yangu, alinusa mara moja tu akakimbilia rozari. Nikamwambia, masenge, hii hailewishi mtu. Akasema hata wa bangi husema hivyo. Utamjibu nini?

Tukubaliane kitu. Hapa Giheta, Burundi, hatukungoja mtu atufunze pombe. Urwarwa, pombe ya ndizi, tunakamua toka enzi za mwami. Impeke ya mtama inanyonywa kwa mrija wa umuheha, chungu kimoja, wazee sita, mate yote ndani. Vibe, sawa. Lakini chukua urwarwa ya Jumatatu uionje Ijumaa. Imechacha mpaka jicho moja linajifunga. Hao ni bakteria, ndugu za wale wa maziwa ya mgando, na hao ndio hopsi inawakaba koo. Hiyo ndiyo kazi yake ya heshima, kabla ya harufu na mapozi. Huko Bavaria 1516 waliandika hadi sheria: bia ni shayiri, hopsi na maji, kwisha. Sogokuru, babu yangu, akisikia anacheka, eti pombe bila ndizi ni supu. Sogokuru pia anaamini simu inaunguza maharage shambani, kwa hivyo twende mbele.

Wachaga wa Kilimanjaro nao wako juu. Mbege yao ya ndizi na ulezi inapewa uchungu na magome ya msesewe. Hopsi ya kienyeji, haihitaji pasipoti.

Sasa aibu yetu. Mbogi ya wanne, sufuria ya harusi ya kuazima, lita 20, mtama uliooteshwa na kukaushwa vizuri. Maji yakachemka. Tukataka kuflex. Pakiti nzima, gramu 100, ndani, mara moja, mwanzoni kabisa. Tukachemsha saa nzima tukipiga selfie.

Manze. Kwinini. Msee mmoja akauliza kama ni ya malaria ama ya minyoo.

Kosa liko hapa. Ndani ya hopsi kuna asidi za alfa. Kwa maji baridi zimelala tu. Zichemshe, zinageuka umbo, zinayeyuka, na huo ndio uchungu. Ukizidi kuchemsha, unazidi kuufinya nje. Harufu nayo iko kwa mafuta, na mafuta hayana subira: yanaondoka na mvuke. Kwa hivyo sisi tulibaki na uchungu wote, halafu harufu tukawapa majirani bure. Masenge akasali rozari ya pili.

Pakiti ya pili tukaingia na akili. Soma karatasi, ikisema alfa asilimia 10, gramu 25 zinatosha lita 20 zikichemka dakika 60. Gramu 25 zingine, dakika tano za mwisho, za ladha. Zile 50 zilizobaki, usiziguse na moto. Ngoja povu litulie, pombe ikishaacha kuchemka yenyewe, tia zikae siku tatu. Hapo ndipo luku ilipo. Uchungu karibu hauongezeki, lakini harufu, sha! Yetu ilinuka marakuja. Tukajaribu hivyo hivyo kwa urwarwa, bila kuchemsha chochote: ndizi mbele, marakuja nyuma. Sogokuru akaionja, akatema, akauliza nani amemwaga jusi. Tukamwongezea.

Mambo ya kukuaibisha ni mengi. Kuacha pakiti wazi juu ya kabati ni moja: joto na hewa vinaila, baada ya wiki kadhaa inanuka soksi za msee wa bodaboda. Ifunge, friza. Kuanika chupa nyeupe juani ni ingine. Mwanga ukigusa ule uchungu unatoa harufu ya kicheche, si mzaha, ndiyo maana bia ya Primus unayokopa kabare imevaa chupa ya kahawia. Si urembo. Na masalio usimwagie mbwa. Hopsi ni sumu kwake, mwili unapanda joto mpaka anakufa, na hapo rozari haitasaidia.

Bei ndiyo noma. Hopsi inatoka nje, nje wanataka dola, na dola Burundi unaisikia tu kwa redio. Basi unaomba ndugu wa diaspora, unavumilia maswali yake yote kuhusu kanisa. Msee mmoja wa mbogi akasema, si tupande? Poa, panda. Hopsi inataka siku ndefu za kiangazi ndiyo itoe maua ya maana. Giheta tuko nyuzi tatu kusini ya ikweta, jua ni saa 12 mwaka mzima, halibadilishi shifti. Hata Afrika Kusini, kule George, nyuzi 34, walilazimika kuwasha taa mashambani kuidanganya hopsi kwamba bado ni mchana, mpaka wakazalisha mbegu zao wenyewe. Taa. Shambani. Usiku. Mimi hata simu nachaji kwa kinyozi.

Batch ya tatu inaiva Jumamosi. Kuja na glasi yako, umuheha wa kushare, zii. Na ukikutana na masenge njiani, mwambie unaenda Gishora kuona ngoma.