Yoga na Taamuli Katika Mkeka Mmoja

Siku ya kwanza nilipoazimia kuketi kimya nitaamali, nilikunja miguu sakafuni kwa fahari ya mtu aliyesoma kitabu kimoja, nikafumba macho kuungoja utulivu. Badala yake zikanijia ganzi ya miguu, maumivu ya kiuno na hesabu ya deni la dukani, hata dakika 4 hazijatimia nikanyanyuka nikichechemea. Taamuli haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeutaka moyo utulie ilhali mwili wenyewe sikuuandalia makazi.

Wenyeji wa elimu hii, watu wa Bara Hindi, walilitambua jambo hilo tangu kale. Neno yoga latokana na tamko la Kisanskriti lenye maana ya kutia nirani, yaani kuviunganisha viwili vivute pamoja kama ng'ombe wa jembe. Patanjali, mtungaji wa Yoga Sutra, aliigawa elimu hiyo katika viungo 8: miiko baina ya mtu na wenziwe, adabu za mtu kwa nafsi yake, mkao wa mwili, kuitawala pumzi, kuzirejesha hisi ndani, kuikaza fikra mahali pamoja, taamuli, na mwisho kuzama kabisa katika kitu kinachotaamaliwa. Ajabu ni kwamba katika tungo zake fupi zipatazo 195, zinazouhusu mkao hasa ni 3 tu, na sharti analolitanguliza ni kwamba mkao uwe thabiti na wa raha. Kusimama kwa kichwa hakumo, wala kujisokota kama kamba ya usumba. Mikao mingi tuionayo pichani ilikuja karne nyingi baadaye, na mingine ilipata sura yake ya leo katika miaka ya 1930, Tirumalai Krishnamacharya alipokuwa akifundisha katika kasri la mfalme wa Mysore. Kisha mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar, aliyekuwa dhaifu wa afya utotoni, akaieneza ulimwenguni kwa kitabu alichokitoa mwaka 1966.

Basi anayenyoosha viungo kisha akakunja mkeka aende zake ameishia kipandio cha 3 cha ngazi, na anayerukia taamuli bila kuuandaa mwili huanguka kama nilivyoanguka mimi. Jon Kabat-Zinn, alipoanzisha mwaka 1979 mafunzo yake kwa wagonjwa wa maumivu ya kudumu huko Massachusetts, Marekani, alivichanganya viwili hivyo kwa makusudi: kuketi kimya pamoja na mikao myepesi ya yoga.

Kinachoviunganisha ni pumzi. Mtu avutapo pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, na aitoapo huupunguza. Kwa hiyo anayerefusha kutoa kuliko kuvuta huupoza moyo wake bila kuuamuru, na fikra hufuata nyuma polepole.

Twaa mkeka alfajiri, kabla ya kula chochote. Piga magoti, viganja sakafuni. Uvutapo pumzi shusha tumbo na kuinua kifua, uitoapo kunja mgongo juu kama paka aliyeamka usingizini, mara 8 au 10 bila pupa. Kisha kalia visigino vyako, paji la uso liguse mkeka, upumue hapo mpaka mabega yalegee. Halafu lala chali na kuyakumbatia magoti. Dakika 10 zatosha. Hapo ndipo ukae kitako juu ya mto au kanga iliyokunjwa, nyonga ziinuke kidogo kupita magoti. (Bibi zetu waliozoea kukaa mkekani wakichagua mchele, au juu ya mbuzi wakikuna nazi, hawakuuhitaji mto huo, sisi watumwa wa viti twauhitaji, na asiyeweza kukaa chini na akae kitini, nyayo ardhini.) Hesabu kila utoaji wa pumzi, 1 hadi 10, kisha uanze tena. Fikra itatoroka, pengine kabla ya 4. Irudishe kwenye 1 bila kujikaripia, maana kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Dakika 5 kwa wiki za mwanzo si haba.

Elimu hii ilizaliwa katika dini za Wahindi, nami sioni uungwana kulificha hilo. Kila msomaji na apime kwa imani yake anachokichukua na anachokiacha. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi wala asijipindue kichwa chini, na mja mzito au mwenye maradhi ya uti wa mgongo amwone kwanza tabibu.

Mimi leo huketi dakika 20. Ganzi imekoma, deni la dukani bado hunijia.