Fosforesensi katika Kiswahili: Jina na Fasili Yake

Katika mhadhara huu ninashughulikia istilahi moja tu. Mwanafunzi wa Nyamongo wilayani Tarime, au wa Mugumu wilayani Serengeti, aghalabu huanza na Kikurya, Kingoreme au Kiikoma nyumbani, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza sekondari. Fosforesensi humfikia, kama humfikia, bila fasili ya Kiswahili anayoweza kuitegemea.

Jina lenyewe linapotosha. Latokana na fosforasi, elementi aliyoipata Hennig Brand mwaka 1669. Ilhali fosforasi nyeupe hung'aa kwa kuungana polepole na oksijeni, jambo lisilo fosforesensi hata kidogo.

Molekuli ikifyonza mwanga, elektroni moja hupanda ngazi ya nishati. Ikirejea bila kugeuza spini yake, mwanga hutoka kwa kawaida ndani ya nanosekunde chache: hiyo ni fluoresensi. Spini ikigeuka, elektroni hukwama, maana njia ya kurudi karibu imefungwa. Mwanga utokao hapo baadaye ndio fosforesensi. Atomu nzito husaidia spini kugeuka, na ndiyo sababu wanakemia walizitegemea sana iridi na platini, metali adimu na ghali zilizo jirani za dhahabu (hiyo hiyo ya Nyamongo) katika jedwali la elementi.

Misombo ya kaboni isiyo na metali ina tatizo la ziada. Katika halijoto ya kawaida molekuli zake hutetemeka, nishati iliyokwama ikapotea kama joto. Oksijeni nayo huipokonya. Kwa muda mrefu ilizoeleka kuigandisha kwa nitrojeni kimiminika, kwenye nyuzi −196 za Selsiasi, ndipo mng'ao wake uonekane vizuri. Mwaka 2011 kundi la Jinsang Kim wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, lilichapisha mbinu nyingine: ndani ya fuwele, bromini, atomu nzito kiasi, ilielekezwa kwenye kundi la aldehaidi la molekuli jirani, na fuwele yenyewe ikazibana molekuli zisitetemeke. Ufanisi ulifikia asilimia 55.

Tuiiteje basi? Kishawishi ni "mng'ao baki". Lakini misombo ya iridi hung'aa kwa mikrosekunde tu. Jicho halioni chochote kilichobaki. "Mng'ao chelewa" utagongana na fluoresensi iliyochelewa, ambayo ni jambo jingine. Mimi naona tukope fosforesensi, tusigombane nayo, na jasho letu tulimwage katika fasili: mwanga utokao molekuli inaporejea kutoka hali ambamo spini ya elektroni imegeuka. Kugeuka, kukwama, kutetemeka, kubana: vitenzi hivi mwanafunzi wa Tarime anavitumia tangu utotoni. Kamusi ijayo ya kemia ningependa itaje spini kwanza, muda baadaye.