Vidonge vya ujauzito na mzio wa watoto: yaliyothibitishwa na yasiyothibitishwa

Wanawake wengi wajawazito humeza vidonge vya vitamini kila siku, lakini si wote wanaoelezwa kazi ya kila kidonge. Pengo hilo huacha nafasi ya habari zinazokinzana. Upande mmoja husemwa kwamba asidi ya foliki humsababishia mtoto pumu na mzio. Upande wa pili husemwa kwamba vitamini D au mafuta ya samaki humkinga mtoto na maradhi hayohayo. Madai yote mawili yametokana na tafiti halisi. Hata hivyo, mama anayeacha asidi ya foliki kwa hofu ya mzio anaweza kumtia mtoto wake katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Mzio ni hali ambapo kinga ya mwili hukishambulia kitu kisicho na madhara, kama vile yai, karanga au vumbi, kana kwamba ni adui. Dalili zake huweza kuwa vipele, ukurutu, kuvimba midomo, kutapika au kubanwa na pumzi. Nchini Australia tatizo hili ni kubwa. Utafiti wa HealthNuts, uliowahusisha watoto zaidi ya 5,000 mjini Melbourne, ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa na mzio wa chakula alipotimiza mwaka mmoja, hasa mzio wa yai bichi na wa karanga.

Hofu ya asidi ya foliki ilikotoka

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walieleza kwamba panya waliolishwa virutubisho vya aina hiyo kwa wingi wakati wa mimba walizaa watoto wenye dalili zinazofanana na pumu ya mzio. Mwaka uliofuata, watafiti wa Adelaide, Australia, waliripoti kwamba pumu ilionekana zaidi kidogo kwa watoto wa miaka mitatu na nusu ambao mama zao walikuwa wakimeza vidonge vya asidi ya foliki katika miezi ya mwisho ya ujauzito.

Habari hizo zilienea, lakini jambo moja muhimu mara nyingi liliachwa nyuma: utafiti wa Adelaide haukuona hatari hiyo kwa vidonge vilivyomezwa mwanzoni mwa ujauzito. Aidha, utafiti huo ulifuatilia mazoea ya akina mama bila kuwagawa kwa kura, hivyo haukuweza kuthibitisha kwamba kidonge ndicho kilichosababisha pumu. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakupata uhusiano kati ya asidi ya foliki inayotumiwa kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya kwanza, na pumu ya utotoni.

Faida ya kidonge hicho, kwa upande mwingine, haina shaka. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kama mfereji ambao hujifunga na kuwa mrija takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Mrija huo usipojifunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, au ubongo wake usiumbike. Mwaka 1991, utafiti uliofanywa katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo, ulionyesha kwamba asidi ya foliki ilipunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72.

Ndiyo maana wataalamu nchini Australia hushauri mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Ndiyo sababu pia unga wa ngano wa kutengenezea mkate nchini humo umewekwa kirutubisho hicho kwa lazima tangu mwaka 2009.

Vitamini D: matumaini yaliyopungua

Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Denmark. Wajawazito waligawanywa kwa kura. Baadhi wakapewa vitamini D nyingi, wengine kiasi cha kawaida. Katika utafiti wa Marekani, watoto waliopata pumu au kubanwa kifua mara kwa mara kabla ya kutimiza miaka mitatu walikuwa asilimia 24 katika kundi la kwanza na asilimia 30 katika kundi la pili. Tofauti hiyo ilitia moyo, ingawa haikutosha kuondoa uwezekano wa kuwa imetokea kwa bahati tu. Watoto hao walipofikisha miaka sita, tofauti ya pumu haikuonekana tena.

Hii haina maana kwamba vitamini D haina kazi. Mtoto huihitaji kwa ajili ya mifupa yake, na upungufu mkubwa huleta matege. Mwili huitengeneza kwa msaada wa jua, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile. Mwanamke aliyetoka Afrika Mashariki au Kongo na sasa anaishi katika nchi ya baridi, hasa akiwa hujifunika mwili au hushinda ndani, ana sababu nzuri ya kumwomba daktari ampime damu.

Mafuta ya samaki: matokeo yasiyolingana

Utafiti mwingine wa Denmark, uliowahusisha wanawake 736, ulipata matokeo yenye nguvu zaidi. Miongoni mwa watoto ambao mama zao walimeza mafuta ya samaki kuanzia wiki ya 24, asilimia 17 walipata pumu au kubanwa kifua kwa muda mrefu, dhidi ya asilimia 24 ya watoto wengine. Walionufaika zaidi ni watoto wa wanawake waliokuwa na kiwango kidogo cha mafuta hayo katika damu.

Lakini utafiti wa Adelaide wa mwaka 2012, uliofuatilia watoto 706 kutoka familia zenye historia ya mzio, haukuona kupungua kwa mzio kwa jumla, ijapokuwa ukurutu wa mzio na dalili za mzio wa yai kwenye kipimo cha ngozi vilipungua. Kwa mama anayekula samaki wenye mafuta, kama dagaa, mara kadhaa kwa wiki, faida ya kidonge cha ziada haijulikani wazi.

Sahani ya mtoto ina nguvu zaidi

Ushahidi ulio imara zaidi hauhusu kidonge cha mama. Mwaka 2015, utafiti wa London uliowahusisha watoto 640 wenye hatari kubwa ya mzio ulionyesha kwamba waliokula karanga tangu utotoni walipata mzio wa karanga kwa asilimia 3 tu walipofikisha miaka mitano, ilhali walioziepuka walipata kwa asilimia 17. Tangu hapo ushauri wa zamani wa kumficha mtoto karanga umebadilishwa.

Mambo ya kuzingatia

- Usiache asidi ya foliki kwa hofu ya mzio. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kabla ya mimba, kwani huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi.
- Usimeze vidonge vya aina mbili au tatu kwa pamoja bila ushauri. Vitamini A ikizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.
- Mjamzito hana haja ya kuacha mayai, maziwa au karanga ili kumkinga mtoto, isipokuwa yeye mwenyewe ana mzio navyo.
- Mtoto anapoanza kula, karibu na miezi sita, apewe yai lililoiva vizuri na karanga zilizosagwa laini, kwa mfano ndani ya uji. Asipewe karanga nzima, kwani huweza kumpalia.
- Mtoto mwenye ukurutu mkali au aliyekwisha kuonyesha mzio wa chakula aonwe na daktari kabla ya kuonjeshwa karanga.
- Mtoto akivimba ulimi, akishindwa kupumua au akilegea baada ya kula, hiyo ni dharura: piga simu ya gari la wagonjwa mara moja.