Ng'ombe Mmoja, Chanjo Nyingi: Orodha Katika Hifadhidata

Katika kata ya Enguserosambu, tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, ambako ng'ombe ndiye akiba na heshima ya familia ya Kimaasai, mnyama mmoja ana mama mmoja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, lakini chanjo zake huwa nyingi: ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, kimeta, chambavu, homa ya mapafu, miguu na midomo. Sheria Namba 12 ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kuitambua, kuisajili na kuifuatilia mifugo nchini Tanzania, na hereni ya kielektroniki inayovishwa sikioni humpa kila mnyama namba yake. Namba hiyo ni rahisi kuhifadhi. Kazi ngumu ni kuihifadhi sifa yenye majibu mengi kwa wakati mmoja.

Njia inayomvutia mwanzaji ni kuziandika chanjo zote katika chumba kimoja cha jedwali na kuzitenganisha kwa mkato. Kasoro yake hujitokeza mara tu mtu anapouliza swali, kwa kuwa kompyuta hulazimika kusoma kila mstari herufi kwa herufi, na anayetafuta "homa ya mapafu" ataletewa pia mbuzi waliochanjwa homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa. Kutenga vyumba vya chanjo ya kwanza, ya pili na ya tatu hakusaidii sana, maana chanjo ya nne itakosa mahali.

Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alipendekeza mwaka 1970 kwamba kila chumba kibebe thamani moja tu, na orodha ihamishiwe kwenye jedwali lake. Kwa mujibu wa mpango huo, kila uchanjaji hupata mstari wenye namba ya hereni, jina la ugonjwa na tarehe. Jedwali hilo huwekewa faharasa, yaani mpangilio wa pembeni unaofanana na kurasa za mwisho za kitabu, ambamo msomaji hutafuta neno na kuelekezwa ukurasa. Ikipangwa kwa ugonjwa kwanza, kisha tarehe, waliochanjwa kimeta mwaka huu hupatikana bila kupekua wengine. Izingatiwe, hata hivyo, kwamba faharasa huorodhesha kilichopo, si kinachokosekana: wasiochanjwa hupatikana kwa kuwaondoa waliochanjwa katika daftari la mifugo yote.

Hata hivyo, si kila orodha inastahili jedwali lake. Rangi na alama za ng'ombe, kwa mfano wekundu, mabaka meupe au chale za masikioni, hazina tarehe wala maelezo mengine, hivyo zinaweza kukaa pamoja katika chumba kimoja cha aina ya orodha, ambacho programu ya hifadhidata ya PostgreSQL hukiruhusu. Tangu toleo la 8.2 la mwaka 2006, programu hiyo ina faharasa ya GIN, kazi ya Warusi Oleg Bartunov na Teodor Sigaev, ambayo hukichukua kila kipengele cha orodha na kuonyesha mistari ambamo kinapatikana. Gharama yake huonekana wakati wa kuandika, kwani kipengele kimoja kipya humaanisha kazi ya ziada katika faharasa.

Hatari kubwa zaidi, waliyoifahamu vyema watumiaji wa App Engine, huduma ya kuendeshea programu iliyoanzishwa na Google mwaka 2008, ni kuunganisha orodha mbili katika faharasa moja ya pamoja: ng'ombe mwenye orodha ya alama 5 na orodha ya malisho 6 anakochungwa huzaa maingizo 30, kwa sababu kila alama huoanishwa na kila malisho, ilhali faharasa mbili tofauti zingehitaji maingizo 11 tu.

Anayebuni daftari la mifugo, basi, na amuulize kwanza afisa mifugo atauliza maswali gani. Kinga ya ndigana kali hutolewa mara moja kwa ndama. Chanjo ya miguu na midomo hurudiwa, na kila rudio linahitaji mstari wake na tarehe yake.